Mota inanguruma lakini haizunguki: tupime nini kabla ya kuipeleka kusukwa?

Mwanzisha uzi, Mikindani

Ndugu wadau, salaam. Uzi huu ni kwa ajili ya wenye karakana ndogo za nyumbani, yaani wale wenye meza ya kazi barazani au stoo, mita ya kupimia, bisibisi na spana kadhaa, pamoja na hamu ya kujitengenezea wenyewe pampu ya maji, feni, grainda, mashine ya kukunia nazi na vinginevyo. Huku kwetu Kusini hukumu ya kwamba mota imeungua hutolewa mapema mno. Mtu anasikia mota inanguruma bila kuzunguka, anaibeba hadi mjini, inafunguliwa, waya unakatwa na inasukwa upya kwa gharama inayokaribia bei ya mota mpya, ilhali kilichokuwa kimekufa ni kapasita tu, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza. Msimamo wangu ni kwamba mota ya fezi moja isikatwe waya hata mmoja kabla ya kupima umeme unaoifikia, kapasita, beringi na mwisho waindingi yenyewe, yaani koili za waya zilizo ndani ya mota, tena kwa mpangilio huo huo, kwa sababu vipimo vya mwanzo ni rahisi na ndivyo vinavyogundua matatizo mengi.

Nianze na umeme wenyewe, kwa kuwa ndio unaosahaulika. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230 kwa hezi 50, lakini kipimo kinachokuhusu ni kile kinachoonekana kwenye mita wakati mota inajaribu kuanza, si wakati soketi haina mzigo. Nguvu ya mota ya kuzungusha shafti hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo mota inayopata volti 180 badala ya 230 haipotezi sehemu moja ya tano tu ya nguvu hiyo, bali inabaki na takriban asilimia 61. Sasa chukua ekstensheni ya mita 30 yenye nyaya za milimita za mraba 0.75. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, na ukinzani wake ni takriban omu 1.5. Mota ya hospawa moja inapoanza inaweza kuvuta ampea 30 kwa muda mfupi, na hapo zaidi ya volti 40 zinapotelea ndani ya waya kabla hazijaifikia mota. Ukibadilisha waya huo kwa wa milimita za mraba 2.5, upotevu unashuka hadi volti 13 hivi. Nimeona pampu nyingi zilizosemekana kuwa zimechoka ambazo ugonjwa wake ulikuwa ni waya mwembamba, na ugonjwa huo huonekana zaidi jioni, wakati kila nyumba imewasha vitu vyake na volti za mtaa mzima zimeshuka.

Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui wa pili, nayo ni chumvi. Fungua kisanduku cha mota chochote hapa Mikindani au Shangani utakuta skrubu za shaba nyekundu au ya njano zimeota kutu ya kijani, na mahali hapo panapata moto hata kama waya ni mnene. Chomoa plagi, legeza kila skrubu, sugua ncha za waya mpaka zing'ae, kata sehemu iliyokuwa nyeusi, kaza vizuri, kisha paka juu yake mafuta ya mgando kidogo ili hewa ya chumvi isifike. Mafuta yapakwe baada ya kukaza, si kabla. Kwa maoni yangu kazi hii ya nusu saa kila mwaka inazidi kwa manufaa kifaa chochote cha kulinda umeme kinachouzwa dukani.

Kapasita ndiyo yenye maelezo marefu. Mota ya fezi moja ina waindingi mbili, moja ya kazi na nyingine ya kuanzishia, na umeme wa fezi moja peke yake hauwezi kuamua izunguke upande gani. Kapasita inasogeza mbele mkondo wa waindingi ya kuanzishia, na tofauti hiyo ndiyo inayoizungusha rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, kuelekea upande mmoja. Ikifa, waindingi ya kazi inapata umeme wote, rota inatetemeka mahali pamoja, na ndipo unaposikia ule mngurumo. Kapasita za kudumu, zinazobaki kwenye saketi muda wote, huwa na mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) chache: feni ya darini hutumia takriban 1.5 hadi 3.5, na pampu ndogo ya nusu hospawa mara nyingi 8 au 10. Kapasita za kuanzishia tu, zinazopatikana kwenye kompresa na mashine za kusaga, huanzia takriban mikrofaradi 70 na kupita 200, nazo zimetengenezwa zikae kwenye umeme kwa sekunde chache, kisha swichi iliyo kwenye shafti hufunguka kwa kasi ya mzunguko na kuziondoa. Anayefunga ya kuanzishia mahali pa ya kudumu kwa sababu eti ina nguvu zaidi ajiandae kuisikia ikipasuka.

Kabla ya kuigusa, chomoa plagi, kisha itoe umeme kwa kuunganisha miguu yake na taa ya zamani ya volti 230 au rezista ya kilo-omu 10 kwa sekunde kadhaa. Mtindo wa kuipiga kwa bisibisi mpaka itoe cheche unaharibu viungio vya ndani na unaweza kukurushia chuma usoni. Ukishaiondoa kwenye saketi, ipime kwa mita yenye sehemu ya mikrofaradi. Ya kudumu iliyoandikwa 10 ikisoma chini ya 9, ibadilishe. Ikisoma 4, umeshapata jibu la mngurumo wako. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Wengi huuliza kwa nini imeandikwa volti 450 wakati umeme wetu ni 230. Sababu ni kwamba mota inapozunguka, volti kati ya miguu ya kapasita huzidi za soketi, na ile ya volti 250 haitadumu kwenye kazi hiyo.

Kuhusu beringi nitakuwa mfupi. Zungusha shafti kwa mkono ikiwa plagi imechomolewa. Ikigoma, au ikitoa sauti ya mchanga ukisagwa, au ikicheza juu na chini, tatizo ni la chuma na si la umeme. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi: 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na unene 11, wakati 6203 ni 17, 40 na 12. Kwa mazingira yetu ya vumbi na chumvi chagua yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, inayoandikwa 2RS, badala ya ZZ yenye mfuniko wa bati. Unapoiingiza kwenye shafti, tumia kipande cha bomba kinachogusa ringi ya ndani pekee, kwa sababu ukigonga ya nje unaziumiza gololi na beringi mpya itapiga kelele kuanzia siku ya kwanza.

Mwisho ni waindingi. Mota nyingi ndogo hutoa nyaya tatu. Pima omu kati ya kila jozi: usomaji mkubwa kuliko yote unapaswa kuwa sawa na jumla ya ile mingine miwili. Kwa mfano ukipata 18, 30 na 48, hakuna waindingi iliyokatika na ule waya ambao haumo katika jozi ya 48 ndio wa pamoja. Jozi isiyosoma kitu imekatika. Kisha pima kati ya kila waya na bodi ya mota, ambapo hapatakiwi kuwa na usomaji wowote. Tahadhari ni kwamba mita ya kawaida hutumia volti chache, hivyo inaweza kukuambia bodi ni salama wakati si salama. Jibu la uhakika ni la mega, yaani kifaa cha kupimia uhami, cha volti 500, na kikisoma chini ya mega-omu 1 usiiwashe.

Karibuni kwa maswali na hasa kwa marekebisho.

Mdau wa Newala

Mkuu, nashukuru kwa somo hili. Huku juu kwenye Uwanda wa Makonde maji ni ya shida, kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya mvua chini na pampu ndogo ya nusu hospawa ya kuyapandisha kwenye tenki. Yangu ilikaa bila kutumika msimu mzima, na sasa nikiiwasha inanguruma vilevile unavyoeleza. Nimebadilisha kapasita kwa mpya ya mikrofaradi 10 na hakuna tofauti. Je, hiyo ndiyo imeungua kweli?

Mwanzisha uzi, Mikindani

Ndugu yangu, bado mapema. Pampu za aina hiyo zina gurudumu la shaba ya njano linalozunguka ndani ya chumba chembamba sana, na nafasi kati yake na ukuta ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ikikaa muda mrefu na maji kidogo ndani, kutu na chokaa hulishika gurudumu mahali pake. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha feni kilicho nyuma, na utakuta mwisho wa shafti una mfereji wa bisibisi au unaweza kuishika feni yenyewe. Izungushe taratibu kwenda na kurudi mpaka iachie. Ikigoma kabisa, fungua skrubu za mbele, toa kifuniko cha chumba cha maji, na usilazimishe kwa nyundo, kwa sababu gurudumu hilo huvunjika meno kirahisi. Safisha kwa msasa laini, rudisha, jaza maji kabla ya kuwasha.

Angalia pia tundu dogo lililo chini kati ya pampu na mota. Maji yakidondoka hapo, sili ya shafti imekwisha, na kinachofuata ni maji kuingia kwenye beringi ya mbele. Sili ni kitu cha bei ndogo ukiibadilisha leo, lakini ukisubiri utanunua sili pamoja na beringi. Na kama pampu huzima yenyewe ikipata moto na kuwaka yenyewe ikipoa, usidhani imepona. Ndani yake kuna kikata joto kinachojirudisha, na jambo hilo ni la hatari kwa anayeingiza kidole kukagua wakati plagi bado ipo ukutani.

Mdau wa Lindi Mjini

Kaka, mimi ni mama wa biashara ndogo, nina mashine ya kukunia nazi yenye mota na mkanda. Inafanya kazi vizuri, ila nikiwa nimekanyaga sakafu yenye maji na kushika bodi, nahisi ganzi inapanda mkononi. Fundi mmoja aliniambia nivae kandambili na mambo yataisha. Nataka kujua kama hilo linatosha.

Mwanzisha uzi, Mikindani

Dada yangu, halitoshi hata kidogo, na naomba mashine hiyo isiwashwe tena mpaka ishughulikiwe. Ganzi hiyo ni umeme unaotoka kwenye bodi na kupita mwilini mwako kuelekea ardhini. Leo ni mdogo, na kesho tui likimwagika hautakuwa mdogo. Mambo mawili yameharibika kwa pamoja. La kwanza ni kwamba umeme unavuja kutoka kwenye waindingi au waya uliochubuka, mara nyingi pale waya unapoingia kwenye bodi na kusuguliwa na mtetemo. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba bodi haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, kwa sababu ingekuwa nayo fyuzi ingekatika au umeme ungepita huko badala ya kupita kwako.

Anza na plagi. Ifungue uone kama waya wa kijani chenye mistari ya njano umefungwa kwenye pini ndefu na kama upande wa pili umekazwa kwenye bodi iliyosuguliwa rangi. Kwa nyaya mpya kahawia ni laivu na bluu ni nyutro, ila kwenye nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi, na ethi ya kijani kitupu. Ukiona waya wa mashine una nyaya mbili tu, ununue wa nyaya tatu. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea zinazolingana na mashine. Ya 3 inabeba karibu wati 700, ya 13 inabeba karibu wati 3,000, na kipande cha waya au karatasi ya sigara si fyuzi. Kisha mota ipimwe kwa mega baada ya kukaushwa, kwa sababu mashine ya nazi hunyonya unyevu kila siku.

Kilichobaki si kazi ya meza ya nyumbani. Fimbo ya ethi ya nyumba yako na kikata umeme cha milliampea 30, kile ambacho mafundi hukiita RCD, vikaguliwe na kufungwa na fundi wa nyaya mwenye leseni ya EWURA. Kikata umeme hicho hakijali kama fyuzi ni kubwa au ndogo; kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika kiwango hicho kinakata kabla moyo haujadhurika.

Mdau wa Tandahimba

Naomba tuingize na mashine za kupulizia mikorosho, ingawa zile ni za petroli, kwa sababu kila ifikapo Mei watu huzitoa stoo na nusu yake hazitaki kuwaka.

Uzoefu wetu ni kwamba huharibiwa na namna zinavyowekwa zaidi ya namna zinavyotumika. Petroli iliyochanganywa na oili ikibaki kwenye kabureta kuanzia mwisho wa upuliziaji hadi msimu unaofuata, hukauka na kuacha utomvu unaoziba vitundu. Msimu ukiisha, mwaga tenki, washa mashine mpaka izime yenyewe, kisha uihifadhi. Uwiano wa oili usikisiwe kwa kofia ya chupa: mashine iliyoandikiwa 1 kwa 25 inataka mililita 40 kwa lita moja ya petroli, na ya 1 kwa 50 inataka mililita 20. Ukipunguza, pistoni inakwama. Ukizidisha, plagi ya kuwashia injini inajaa masizi na unamlaumu aliyekuuzia.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Salfa tunayopulizia kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inakula shaba. Swichi ya kuzimia, waya wa koili na hata mita ya kupimia umeme vikikaa stoo moja na mifuko ya salfa, ncha zake hugeuka nyeusi na umeme haupiti. Toa vyombo vyako humo. Pia vumbi la salfa linashika moto, kwa hiyo grainda na mashine ya kuchomelea zisitumike kwenye stoo hiyo hata kama mlango uko wazi.

Mwanzisha uzi, Mikindani

Mchango mzuri sana, mkuu. Niongezee tu kwamba mashine zinazopuliza vumbi kavu huwa na mnyororo au waya mwembamba unaoning'inia kugusa ardhi; wengi huukata kwa sababu unanasa majani. Kazi yake ni kuondoa umeme unaojikusanya kwenye bomba vumbi linapopita kwa kasi, na kwa salfa cheche moja inatosha kuleta balaa. Urudishwe.

Mdau wa Chikongola, Mtwara

Wakuu, nimenunua msumeno wa mviringo wa mitumba kutoka Japani, kibati kimeandikwa volti 100, hezi 50/60, wati 1,050. Aliyeniuzia anasema niweke kapasita tu kwenye waya itapunguza volti.

Mwanzisha uzi, Mikindani

Usifanye hivyo. Mota ya msumeno huo ni ya kaboni na komyuteta (pete ya shaba kwenye rota inayosuguliwa na kaboni), inavuta zaidi ya ampea 10 kwenye mzigo na kidogo sana ikizunguka bure, kwa hiyo kapasita itaipa volti zinazopanda na kushuka kwa kila ubao. Inahitaji transfoma ya kushusha 230 kuwa 100, na kwa msumeno nisingekubali transfoma iliyo chini ya wati 1,500. Hezi hazina tatizo kwa mota ya kaboni. Zingekuwa na tatizo kama ungenunua pampu au kompresa iliyoandikwa hezi 60 tu, kwa sababu kwenye 50 hiyo inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inapata moto. Ya Marekani ya volti 120 na hezi 60 inapaswa kupewa 100 tu kwenye hezi zetu.

Ukifungua, angalia urefu wa kaboni. Zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja, na cheche zikizunguka komyuteta nzima badala ya kubaki chini ya kaboni, tatizo liko kwenye rota.

Mdau wa Kilwa Kivinje

Mota ya jirani yangu ilizama wakati wa mafuriko ya Mei 2024 yaliyokuja na kimbunga Hidaya, ikakaa stoo mpaka leo. Kila mtu anasema ni ya kutupa. Je, kuna la kufanya?

Mwanzisha uzi, Mikindani

Kukaa muda wote huo ndiko kulikoiumiza kuliko kuzama kwenyewe, lakini ijaribu. Vua vifuniko vyote viwili, toa rota, osha stata (sehemu isiyozunguka yenye waindingi) kwa maji baridi safi mara kadhaa, kwa sababu chumvi na tope vikibaki huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya mota kuonekana kavu. Iweke juani, kisha uifunike ndani ya sanduku la mbao pamoja na taa ya zamani ya wati 60 kwa siku moja au mbili, huku ukiacha tundu la mvuke kutoka na taa isiguse ubao. Pima kwa mega kila siku. Usomaji ukipanda, endelea. Ukigoma chini ya mega-omu 1, ni ya kusukwa. Beringi za zamani usizirudishe kwa hali yoyote.

Ukishaifunga, usiiwashe moja kwa moja. Tengeneza ubao wa majaribio ambao taa ya wati 100 ya nyuzi imefungwa kwa mfululizo na soketi. Hata kama kuna shoti, mkondo hautazidi nusu ampea. Taa ikiwaka kwa ukali wote, huenda kuna shoti, ingawa mota nzima isiyoanza nayo inaweza kuiwasha karibu hivyo hivyo. Isipowaka kabisa, saketi imekatika. Ikiwaka kwa wastani na mota ikanguruma kidogo bila kuanza, hilo ni la kawaida kwa mota ya ukubwa huo, na unaweza kuendelea. Taa za LED hazifai kwa kazi hii.

Fundi wa Masasi

Nimefuatilia uzi huu kwa utulivu kwa kuwa kusuka mota ndiyo riziki yangu. Maelezo ni sahihi, ila sikubaliani na dokezo la kwamba mafundi ndio wanaokimbilia kukata waya. Mota inayonguruma bila kuzunguka inavuta mkondo mara tano au zaidi ya wa kawaida, na feni yake ya kupozea imesimama. Mteja anaiwasha na kuizima, anamwita jirani, jirani naye anaiwasha, kisha wanaiacha inanguruma wakisubiri labda itaamka. Ikifika kwangu kapasita imekufa kweli, lakini na waindingi imeshaungua kwa sababu ya kapasita hiyo. Shauri la kwanza kwenye uzi huu lingekuwa hili: isipozunguka ndani ya sekunde mbili au tatu, zima.

Mwanzisha uzi, Mikindani

Mkuu, nakubali, na shauri hilo lilistahili kuwa juu kabisa. Basi tumalizie upande wako: vipimo vimeonyesha waindingi imekwisha kweli, mtu akija kwako au kwa fundi mwingine, adai nini?

Fundi wa Masasi

Kwanza aangalie kama mota inastahili. Mota nyingi za bei rahisi siku hizi zimesukwa kwa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha kwa wembe, ukiona weupe ni alumini. Kuisuka kwa shaba kunawezekana, na waya unaweza kuwa mwembamba kidogo kwa kuwa alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba, lakini kwa pampu ndogo mara nyingi gharama haiingii akilini na mimi humwambia mteja anunue nyingine. Kwa mota ya hospawa mbili kwenda juu yenye bodi nzito, isukwe.

Pili, aulize kama fundi amehesabu mizunguko ya kila koili ya zamani na kupima unene wa waya kwa maikromita. Anayesema anajua kwa macho atakupa mota inayozunguka vizuri bila mzigo na kupata moto ikianza kazi. Tatu, karatasi za kuhami kwenye mifereji ziwe mpya, na vanishi imwagwe kisha ikaushwe kwa joto, si kupakwa kwa brashi juujuu na kuachwa. Waya usiogandishwa hutetemeka mara 100 kwa sekunde kwenye hezi zetu, unasuguana na kujichubua, na kwa hewa ya pwani ya Lindi na Mtwara unyevu unaingia mahali hapo hapo.

Nne, usiipokee mota ikiwa mezani imezimwa. Pima kwa mega mbele ya fundi, kisha iwashwe kwa nusu saa bila mzigo huku mita ya kubana ikiwa kwenye waya mmoja. Ampea zikizidi zilizoandikwa kwenye kibati, au bodi ikiwa ya moto kiasi cha kutoweza kuweka kiganja, irudi mezani siku hiyo hiyo kabla hujalipa fedha iliyobaki. Na kapasita iwekwe mpya, hata kama ya zamani inasoma vizuri.